Kariakoo: Maisha ya kurutu wa lazima katika Pwani ya Kusini, 1914–1918

KENYA huru haina sheria inayomlazimisha kijana kuingia jeshini. Anayetaka kuwa mwanajeshi hujitokeza kwa hiari yake siku ya usajili, na asiyetaka hubaki nyumbani. Zaidi ya miaka 100 iliyopita mambo yalikuwa kinyume. Wanaume wa eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kwale, kuanzia Likoni hadi Vanga, walichukuliwa kwa nguvu ya sheria kwenda kulitumikia jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Wengi wao hawakupewa bunduki bali walitwishwa mizigo. Kikosi walichotiwa kilijulikana rasmi kama Carrier Corps, jina ambalo ndimi za Waswahili zililigeuza likawa Kariakoo. Soko mashuhuri la Dar es Salaam na mtaa wa Kariokor jijini Nairobi yamebeba jina hilo hadi leo, kwa sababu ndipo zilipokuwa kambi za wapagazi hao. Hata hivyo, wengi wa wanaopita katika masoko hayo hawajui kwamba jina hilo ni kumbukumbu ya maelfu ya watu waliofia njiani wakiwa na mizigo kichwani.

Vita vilivyofika mlangoni

Vita vilipotangazwa Agosti 4, 1914, pwani ya kusini ilijikuta katikati ya mahasimu wawili. Upande wa kaskazini wa mpaka ulikuwa himaya ya Waingereza, na upande wa kusini, kuanzia Mto Umba kuelekea Tanga, ulikuwa koloni la Wajerumani. Mpaka huo ulipita katikati ya nchi ya Wadigo. Ndugu wa ukoo mmoja, wenye lugha moja na dini moja, waliamka siku hiyo wakiwa raia wa maadui wawili.

Sehemu nyingi za nchi zilizisikia habari za vita kwa mbali, lakini Vanga, Majoreni na Gazi ziliviona kwa macho. Wanajeshi wa Wajerumani walivuka mpaka na kusonga mbele kando ya bahari kuelekea Mombasa. Oktoba 7, 1914, walizuiwa Gazi, mji uliokuwa makao ya Wamazrui, na wakalazimika kurudi nyuma.

Miongoni mwa waliowazuia ni askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, pamoja na kikosi cha Waarabu wa Mombasa kilichoongozwa na Arthur Wavell. Mwingereza huyo aliwahi kuandika kitabu kuhusu safari yake ya kwenda Makka kwa siri. Aliuawa katika mapigano ya Mwele, bara ya pwani hiyo, Januari 1916.

Waingereza walijaribu kusonga mbele wakaitwaa Jasini, ng'ambo kidogo ya mpaka. Januari 18 na 19, 1915, Wajerumani chini ya Kanali Paul von Lettow-Vorbeck waliishambulia ngome hiyo wakaiteka, na baada ya hapo Waingereza wakaliacha bonde la Umba. Kwa muda wa mwaka mzima hivi, wakazi wa vijiji vya mpakani waliishi kati ya majeshi mawili. Wengi waliyaacha mashamba na minazi yao wakakimbilia kwingine.

Kwa nini wapagazi?

Msomaji wa leo, aliyezoea kuona malori yakipishana katika barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga, huenda akajiuliza kwa nini jeshi lilihitaji watu wa kubeba mizigo. Jibu liko katika mambo mawili.

Kwanza, reli kuu ilikuwa moja tu upande wa Waingereza, ile ya kutoka Mombasa kwenda Kisumu, na barabara za kupitisha magari zilikuwa chache mno. Pili, ndorobo waliangamiza farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota magari kwa kasi kubwa, kiasi kwamba wanyama waliopelekwa mstari wa mbele hawakudumu. Kilichosalia ni kichwa na mabega ya mwanadamu.

Tatizo ni kwamba mpagazi naye hula. Tuseme mtu amebeba ratili 50 za unga, ambazo ni karibu kilo 23, na anakula ratili mbili kwa siku. Katika siku 25 atakuwa ameumaliza mzigo wote peke yake. Akienda na kurudi, hawezi kufika mbali zaidi ya mwendo wa siku 12 bila ya kuula mzigo wenyewe, na hapo askari aliyekuwa akingojea chakula hajapata hata punje. Ndiyo maana kila askari mmoja aliyekuwa vitani alihitaji wapagazi kadhaa nyuma yake, na kadiri jeshi lilivyosonga mbali na bandari, ndivyo idadi ya wapagazi ilivyozidi kuongezeka.

Upagazi wenyewe haukuwa jambo geni pwani. Katika karne ya 19, misafara ya biashara ilitoka Mombasa, Tanga na Bagamoyo kwenda bara, na wapagazi wa misafara hiyo walikuwa na ujuzi, heshima na mikataba yao. Maneno ya kazi hiyo, kama vile mnyapara, posho na mpagazi, yaliingia jeshini yakiwa tayari yamekomaa. Tofauti ni kwamba mpagazi wa msafara aliweza kukataa safari asiyoipenda.

Sheria ya mwaka 1915

Kikosi cha wapagazi kiliundwa Agosti 1914 chini ya Oscar Watkins, afisa wa utawala aliyekijua Kiswahili. Mwanzoni kilikuwa na watu wapatao 5,000 waliogawanywa katika makundi ya watu 1,000, na kila kundi likagawanywa tena katika makundi ya watu 100 yaliyosimamiwa na wanyapara. Wengi wa hawa wa kwanza walivutwa na mshahara.

Punde ikadhihirika kwamba hiari haitoshi. Mwaka 1915 serikali ya himaya ilipitisha sheria iliyowapa maafisa wa wilaya uwezo wa kuwachukua wanaume kwa lazima wakatumike pamoja na jeshi. Aidha, mshahara ulishushwa ukawa rupia 5 kwa mwezi kwa mpagazi wa kawaida, ingawa hapo awali wapagazi walilipwa maradufu ya kiasi hicho. Katika kipindi hicho hicho cha vita, kodi ya nyumba ilipandishwa kutoka rupia 3 hadi 5 kwa mwaka. Kwa hivyo, mshahara wa mwezi mzima wa mtu aliyehatarisha maisha yake ulitosha kulipia kodi ya nyumba moja tu.

Utekelezaji wa sheria uliwaangukia wazee na machifu. Afisa wa wilaya alitaja idadi, na mzee wa kijiji akatakiwa kuitimiza. Katika sehemu nyingi za nchi, watu walizingirwa usiku wakiwa wamelala, au walikamatwa walipokwenda sokoni. Mzee alilazimika kuchagua ni mtoto wa nani aende na ni wa nani abaki, na uchungu wa uchaguzi huo ulidumu vijijini muda mrefu kuliko vita vyenyewe. Asiye na jamaa wa kumtetea ndiye aliyetangulia.

Baadhi walitafuta njia za kuepuka. Kwa kawaida, aliyekuwa kibarua katika shamba la Mzungu au mwajiriwa wa reli aliachwa, na kwa hivyo wengi walikimbilia kazi za mashamba ambazo zamani walizikwepa. Wengine waliingia msituni hadi waandikishaji walipoondoka.

Kaskazini mwa Mombasa, kwa Wagiriama, upinzani dhidi ya serikali uligeuka kuwa vita kamili mnamo Agosti na Septemba 1914, na mojawapo ya sababu ilikuwa madai ya vibarua na wapagazi. Wagiriama waliposhindwa, walitozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa kutoa vibarua 1,000. Habari hizo zilifika kusini, na kila mzee wa Kidigo au Kiduruma alielewa maana yake.

Namba badala ya jina

Kurutu alipofikishwa kambini aliandikwa jina lake, la baba yake, kabila, kijiji na mkuu wake. Alipigwa chapa za vidole na kupewa kibati chenye namba. Tangu hapo namba ndiyo iliyomtambulisha: ndiyo iliyoitwa asubuhi, ndiyo iliyolipiwa mshahara, na alipokufa ndiyo iliyotarajiwa kueleza ni nani aliyekufa.

Watkins alijitahidi sana kuuimarisha utaratibu huo, kwani bila ya kumbukumbu hakuna familia ambayo ingeweza kupata haki yake. Lakini karani aliyeandika mara nyingi hakuijua lugha ya anayeandikwa. Jina la Kidigo au Kiduruma liliandikwa jinsi sikio la karani lilivyolipokea, na majina kama Juma, Mwinyi au Hamisi yaliwahusu mamia ya watu. Kibati kikipotea au kikibadilishwa na mwenzake, mtu aliweza kutoweka katika daftari akiwa bado hai, au kuhesabiwa hai hali amekwisha kuzikwa.

Vifaa alivyopewa vilikuwa vichache. Blanketi ndilo lililokuwa la maana kuliko vyote, kwani lilikuwa nguo, kitanda, mwavuli na, mwisho wa yote, sanda. Sufuria ilikuwa ya kundi zima. Viatu havikuwemo.

Siku ya kurutu

Siku ilianza kabla ya mapambazuko. Wanyapara waliwaamsha watu wao kwa kelele, wakawahesabu, kisha mizigo ikagawanywa. Mzigo uliweza kuwa gunia la unga, sanduku la risasi, hema la afisa, waya wa simu au sehemu ya mzinga. Mizigo yote haikuwa sawa hata kama uzito wake ulikuwa mmoja. Gunia la unga hukaa vizuri kichwani na hufuata umbo la mabega. Sanduku la risasi lina pembe kali, na baada ya saa chache kichwa huchubuka. Kurutu mgeni alijua hivyo siku ya pili, na tangu hapo kila asubuhi palikuwa na kusukumana ili kuwahi magunia.

Mwendo ulianza kungali na umande na uliendelea mpaka jua lilipokuwa kali. Wapagazi walifuatana mmoja nyuma ya mwingine katika vijia vyembamba, na msafara wa watu 1,000 ulitapakaa njiani kwa kilomita nyingi. Wa mbele walifika kambini wakapumzika, na wa nyuma wakafika kumeshakucha giza. Aliyeketi chini njiani aliinuliwa na mnyapara kwa maneno au kwa kiboko. Asiyeweza kabisa kuinuka, mzigo wake uligawanywa kwa wenzake, naye akaachwa asubiri machela, kama machela ilikuwapo.

Kufika kambini hakukuwa mwisho wa kazi. Kuni zilitakiwa, maji yalitakiwa, na nyasi za kulalia zilitakiwa. Ndipo moto ukawashwa na unga ukatiwa majini. Mtu aliyetembea kutwa na mzigo hana subira ya kusubiri chungu kiive, na katika upungufu huo wa subira ndimo mauti yalimojificha.

Katika msimu wa mvua hali ilizidi kuwa mbaya. Mapema mwaka 1917 mvua kubwa zililifurisha bonde la Mto Rufiji, na wapagazi walibeba vyakula wakiwa ndani ya maji na matope. Kuni mbichi haziwaki, unga ulioloa huvunda, na blanketi lililolowa ni zito kuliko baridi inayolizuia.

Posho iliyoua

Wapagazi wachache mno waliuawa kwa risasi. Maradhi ndiyo yaliyowamaliza, hasa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Kiini cha mengi ya hayo kilikuwa posho.

Chakula kikuu cha jeshi kilikuwa unga wa mahindi. Unga huo mara nyingi ulikuwa umesagwa vibaya, una makapi makali, na ulipopikwa haraka ukaliwa ukiwa mbichi uliwaumiza watu matumbo. Waliokuwa wamezoea ndizi, viazi au maziwa ndio walioathirika kwanza. Mdigo wa Msambweni au Diani, aliyelelewa kwa muhogo, wali, samaki na nazi, naye alijikuta akila uji mzito usio na kitoweo siku baada ya siku.

Ni kweli kwamba mtu wa pwani alikuwa na nafuu moja. Alikuwa amekwisha kuugua malaria tangu utotoni, na mwili wake ulikuwa na kinga kiasi, tofauti na mtu aliyetoka nyanda za juu zenye baridi ambako mbu ni wachache. Lakini nafuu hiyo haikumsaidia dhidi ya kuhara damu, wala dhidi ya baridi ya milimani ambayo mwili wake haukuijua.

Hospitali za wapagazi zilifunguliwa katika miji kama Mombasa na Dar es Salaam, lakini madaktari na dawa vilikuwa haba mno vikilinganishwa na idadi ya wagonjwa. Kadiri vita vilivyoendelea, madaktari waligundua kwamba vifo vingi vingeweza kuzuilika kwa mambo madogo: unga uliosagwa vizuri, sufuria za kutosha, wapishi maalumu na maharagwe pembeni. Marekebisho hayo yalipofanywa, maelfu walikuwa wamekwisha kufa.

Dini, lugha na urafiki

Kurutu kutoka Kwale alikuwa na jambo moja ambalo wenzake wengi kutoka bara hawakuwa nalo. Alikifahamu Kiswahili, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambi. Amri zilitolewa kwa Kiswahili, madaftari ya posho yaliitwa kwa Kiswahili, na malalamiko yaliyotaka kusikilizwa yalipaswa kusemwa kwa Kiswahili. Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba na Wanandi waliokutana kambini walijifunza lugha hiyo kwa lazima ya maisha, na waliosalimika walirudi nayo kwao. Watafiti wa historia ya Kiswahili huitaja Kariakoo kuwa miongoni mwa mambo yaliyoieneza lugha hii bara.

Kuhusu dini, safari za jeshi hazikufuata kalenda ya Waislamu. Mwaka 1916 mwezi wa Ramadhani uliingia mwanzoni mwa Julai, siku chache tu kabla ya Waingereza kuutwaa mji wa Tanga mnamo Julai 7. Sheria ya dini humruhusu msafiri na mgonjwa kula na kuzilipa siku hizo baadaye. Lakini wengi hawakujaliwa kuifikia hiyo baadaye.

Kilichowauma zaidi watu wa dini ni maziko. Muislamu huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa na kuelekezwa kibla. Katika njia za Kilwa, Lindi na Rufiji, aliyekufa alizikwa upesi kando ya njia, pengine pamoja na wengine katika shimo moja, na pengine hakuzikwa kabisa. Nyumbani, mke hakujua kama ni mjane wa kukaa eda au ni mke wa kusubiri. Mirathi haikuweza kugawanywa, kwa kuwa hapakuwa na aliyethibitisha kifo.

Mkumbo mkubwa wa 1917

Mwaka 1917 ndio uliokuwa mbaya zaidi. Vita vilikuwa vimehamia kusini mwa Tanganyika ya leo, mbali na reli zote. Jenerali Jan Smuts alikuwa ameondoka, na warithi wake walihitaji wapagazi wengi kuliko wakati mwingine wowote. Machi mwaka huo, John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, alipewa jukumu la kuwakusanya watu nchi nzima. Ndani ya miezi michache alipata zaidi ya watu 100,000.

Katika mkumbo huo madaktari walitumiwa kuwachuja watu kabla ya safari, na wengi walirudishwa makwao kwa sababu hawakuwa na afya ya kutosha. Idadi ya waliokataliwa ilidhihirisha jambo jingine, kwamba nchi ilikuwa imekaushwa. Waliokuwa na nguvu walikuwa tayari wamechukuliwa, wamekufa, au wamerudi wakiwa wagonjwa.

Athari zake vijijini zilikuwa nzito. Mashamba yalibaki mikononi mwa wanawake, wazee na watoto. Minazi ilikosa wakwezi, na magugu yakaota mahali pa mahindi. Vita vilipokoma Novemba 1918, Lettow-Vorbeck aliposalimisha jeshi lake huko Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala nchini Zambia, njaa na homa kali ya mafua iliyoenea dunia nzima viliwapokea waliorejea.

Kwa jumla, zaidi ya watu 150,000 walitumika kama wapagazi kutoka himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Makadirio ya wanahistoria yanaonyesha kwamba zaidi ya 40,000 kati yao walikufa. Wakijumuishwa wapagazi wa maeneo mengine waliolitumikia jeshi la Waingereza Afrika Mashariki, vifo vinakaribia 100,000. Wajerumani nao waliwachukua wapagazi kwa nguvu, wakiwemo wa upande wa pili wa mpaka, na kumbukumbu za hao ni haba zaidi.

Mshahara wa marehemu

Mtu akifa akiwa kazini, ujira wake ni haki ya warithi wake. Katika Kariakoo, maelfu ya mishahara haikuchukuliwa na yeyote, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amekufa na jamaa zake hawakupatikana, au hawakuambiwa kwamba wana haki ya kudai. Daftari lenye jina lililokosewa lilitosha kuinyima familia malipo ya miezi mingi.

Maafisa kama Watkins na Ainsworth walipendekeza kwamba, maadamu warithi hawajulikani, fedha hizo zitumike kwa manufaa ya jamii zilizotoa watu hao. Suala hilo liliburutwa kati ya Nairobi na London kwa miaka mingi, na hatimaye fedha hizo hazikuwafikia wananchi. Kwa mantiki ya hazina ya Uingereza, ujira usiodaiwa ulikuwa mali ya serikali.

Badala ya malipo, wananchi walipata kipande. Sheria ya kuwasajili Waafrika iliyopitishwa mwaka 1915 ilianza kutekelezwa mara tu baada ya vita, na kila mwanamume aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba cheti chenye chapa za vidole vyake, ambacho wengi walikitia katika kibweta cha bati na kukining'iniza shingoni. Aliyekuwa amevaa kibati cha Kariakoo hakuhitaji kuelezwa maana yake. Kipande kilidumu hadi mwaka 1947, na kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea siasa za ukombozi tangu enzi za Harry Thuku.

Sanamu na majina

Mwishoni mwa miaka ya 1920, sanamu za ukumbusho zilisimamishwa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Maandishi yake, ambayo yako pia kwa Kiswahili na Kiarabu, yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni sifa kubwa. Lakini hakuna jina hata moja la mpagazi lililoandikwa hapo, ilhali wanajeshi wa Kizungu waliokufa katika vita hivyo hivyo wana makaburi yao na majina yao yamechongwa kwenye mawe.

Jambo hilo halikuwa la bahati mbaya. Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, kwa sababu ya ubaguzi wa wakati huo. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wa wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Tangu hapo tume hiyo imekuwa ikitafuta majina, na Januari 2025 ilizindua mjini Cape Town ukumbusho wenye majina ya zaidi ya Waafrika Kusini weusi 1,700 waliofariki wakiwa watumishi wa jeshi.

Kwa Kwale, kazi hiyo haiwezi kumalizwa na madaftari ya London peke yake. Waliokuwa wapagazi wote wamekwisha kufariki. Mwanahistoria Geoffrey Hodges, aliyeandika kitabu kikuu kuhusu Kariakoo, aliwahi kuyakusanya masimulizi ya wazee walipokuwa bado hai. Kilichobaki sasa ni kumbukumbu za wajukuu na vitukuu: babu aliyekwenda Kariakoo akarudi bila ya kaka yake, au shamba ambalo halikugawanywa kwa sababu mwenyewe hakuzikwa mbele ya mashahidi. Kila kumbukumbu ya aina hiyo, ikiandikwa pamoja na jina la mtu, la baba yake na la kijiji chake, inaweza kulinganishwa na orodha za zamani ambazo makarani waliziandika vibaya.

Baada ya Kariakoo

Amri za kuwalazimisha watu hazikuishia mwaka 1918. Katika Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilitumia tena sheria za dharura kuwachukua Waafrika kwa kazi za jeshi na za mashamba.

Baada ya uhuru, njia za nchi jirani ziliachana. Tanzania iliunda Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963, na mafunzo yake yakawa ya lazima kwa vijana waliomaliza masomo ya juu hadi yaliposimamishwa miaka ya 1990. Mwaka 2013 yalirejeshwa kwa wahitimu wa kidato cha sita, ambao huitwa vijana wa mujibu wa sheria. Kenya iliunda Huduma ya Vijana kwa Taifa mwaka 1964, nayo huchukua wanaojitolea.

Aidha, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 30, inapiga marufuku utumwa na kazi ya kulazimishwa. Mzee wa kijiji cha leo huko Gazi, Majoreni au Lunga Lunga hawezi kuamriwa na serikali ataje ni mtoto wa nani aende na ni wa nani abaki. Wazee waliomtangulia mwaka 1917 hawakuwa na kifungu cha kuwakinga.